Mchanga Kabla ya Moto

Nilipotoka Mpondwe, upande wa Uganda, saa yangu ilisema saa nne asubuhi. Nilipogongewa muhuri wa kuingia Kasindi ilikuwa saa tatu na robo, maana mashariki ya Kongo iko nyuma yetu kwa saa moja. Kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano ilikaguliwa, nikanawa mikono kwenye ndoo yenye bomba, kisha nikasimama kando ya malori nikisubiri taksi ijae. Ilikuwa Julai 2024, na sikuwa nimewahi kukanyaga ardhi ya Kongo.

Nilikuwa nimefuata jambo moja: kuona kipuri cha mashine kikisubiwa kwenye kalibu ya mchanga. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, na kwetu chuma kina heshima yake. Katuruka, si mbali na Bukoba, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya matanuri yaliyokuwa yakitoa chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini chuma cha mababu zetu hakikumiminwa. Ili kiwe maji, chuma kinahitaji nyuzi joto 1,538, na tanuri la udongo lenye mivukuto halikufika huko. Lilitoa donge lililojaa taka, na donge hilo likapigwa nyundo hadi likawa jembe au mkuki. Hata mafundi wa leo niliowazoea, wale wa Gerezani kule Dar es Salaam na wa Kamukunji, Nairobi, wanakunja bati na kuligonga. Wanafua. Waliomimina tangu kale ni jirani zetu wa Katanga, kwa sababu shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 tu. Misalaba yao ya shaba imekutwa ndani ya makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, ikiwa imezikwa na wenyewe karne nyingi kabla Mbelgiji hajaiona nchi hiyo.

Rafiki yangu mnunuzi wa kakao, anayefanya biashara kati ya Kasese na Beni, ndiye aliyeniambia kwamba Butembo watu bado wanamimina, na kwamba nusu ya mashine za kusaga anazozijua zingekuwa zimesimama kama si wao. Nikafunga mkoba.

Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80. Barabara hii ni mojawapo ya zile ambazo Uganda na Kongo zilianza kuzijenga upya Desemba 2021, na siku ile sehemu moja ilikuwa nzuri na sehemu nyingine vumbi tupu. Inashuka bonde la Semuliki ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, milima ya Ruwenzori ikiwa imejifunika mawingu kwa nyuma. Ndani ya gari watu walizungumza hadi tulipoingia msituni, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyenieleza sababu, na sikuhitaji kuelezwa. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF wameua raia wengi sana katika eneo la Beni, na mwaka mmoja kabla ya safari yangu, Juni 2023, walivuka hadi Mpondwe na kuua watu zaidi ya 40 katika shule ya Lhubiriha na jirani zake, wengi wao wanafunzi. Kila kizuizi tulichofika, dereva alizima muziki, akashusha kioo, akasalimia. Mazungumzo yalirudi nyumba za kwanza za Beni zilipoonekana.

Beni ina joto na haraka. Kwenye Boulevard Nyamwisi pikipiki zinapita na magunia ya kakao, na harufu ya kakao inayokaushwa inakufuata mpaka mitaani. Rafiki yangu alinipeleka moja kwa moja kwa dada yake, katika komini ya Mulekera, maana alikuwa na habari iliyonifaa mimi na kumuumiza yeye: mashine yake ya kusaga muhogo ilikuwa imekufa. Puli kubwa, ile inayopokea mkanda kutoka kwenye injini, ilikuwa imepasuka. Mama huyo aliitoa chini ya meza ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Ufa ulianzia katikati, kwenye mfereji mdogo wa kabari inayoishika puli na mhimili wake, ukapanda hadi ukingoni na kumega kipande cha upana wa kiganja. Kipande hicho nacho alikuwa amekihifadhi.

“Kasindi wananiletea ya dukani,” alisema, “lakini tundu lake si hili, na upana si huu. Nikiifunga, mkanda unaruka. Kesho napanda Butembo. Papa, kama unataka kuona, twende.”

Alisema “napanda”, na kweli ni kupanda. Beni iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Butembo inapita 1,700, na kati yao kuna kilomita 54 zinazopita Maboya na vilima vyenye mashamba hadi kileleni. Hewa ilibadilika kabla hatujafika. Wanawake walivaa masweta, mikaratusi ilisimama kwenye kila mteremko, na udongo ulikuwa mwekundu kama wa kwetu Bukoba. Mji wenyewe umekaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ila usiku nililala na mablanketi mawili.

Kuhusu Butembo nilikuwa nimesikia sifa nyingi, na kwa sehemu kubwa ni za kweli. Wanande wa hapa ni wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou kununua bidhaa na kuzileta kupitia Mombasa na Kasindi. Serikali iliposhindwa kufika, walichangishana kutengeneza barabara. Umeme wa uhakika ulichelewa mno, kwa hiyo mji ulikua kwa jenereta. Mwezi ule tulipofika, mji ulikuwa umeelemewa: mwishoni mwa Juni waasi wa M23 walikuwa wameteka Kanyabayonga, na familia kutoka kusini mwa Lubero zilikuwa zikiingia na magodoro juu ya pikipiki. Barabara ya Goma ilikuwa imekatika tangu M23 walipoishika Rutshuru na Kiwanja, Oktoba 2022. Mji ukikatwa hivyo, kipuri cha mashine si jambo dogo. Mashine ikisimama, unga hausagwi, na wageni wale wote walikuwa wanakula.

Karakana ilikuwa kwenye mteremko wa komini ya Kimemi: paa la mabati juu ya nguzo za mikaratusi, bila kuta. Fundi alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufi, na vijana wake walimwita Shefu. Mama alimwita Papa, nami nikafuata. Kando kulikuwa na shimo la moto lililojengwa kwa matofali, bomba la chuma likiingia chini yake kutoka kwenye feni ya umeme. Nilikwenda moja kwa moja kwenye moto. Mgeni yeyote angefanya hivyo, maana ndiko kwenye rangi na mngurumo. Mzee aliniacha nitazame kidogo, kisha akaniita.

“Moto hata mtoto anajua kuwasha. Kuja huku kwenye mchanga. Hapa ndiyo piese inafanyikia.”

Mchanga wenyewe ulikuwa mweusi. Nilidhani umechanganywa na makaa, kumbe ni uzee. Ni mchanga wa mtoni uliochekechwa, ukatiwa udongo mwekundu wa kilimani kidogo, kiasi cha sehemu moja kwa tisa au kumi, na maji machache. Kila ukitumika, ule unaogusa metali unaungua na kuwa mweusi, nao unachekechwa tena na kurudishwa kwenye lundo pamoja na udongo mpya kidogo. Lundo lile halitupwi. Usiku linafunikwa kwa turubai, kwa sababu manyunyu ya Butembo hayana msimu, na mchanga ulioloa ni adui: metali yenye moto wa nyuzi 700 ikikutana na maji, maji yanakuwa mvuke mara moja, na mvuke usiopata njia utatoka kwa nguvu pamoja na metali. Ukikauka mno nao haushikani, unamomonyoka ndani ya kalibu na kuacha chembe kwenye piese, yaani kipuri chenyewe.

Kipimo chake ni mkono. Mzee alichota ngumi moja, akabana, akafungua. Donge lilibaki na alama za vidole vyake vyote, hata mikunjo ya ngozi ilisomeka. Kisha akalishika ncha mbili akalivunja. Lilikatika pale katikati kwa mkato mmoja safi, na kiganja chake kilibaki kikavu. “Iko tayari,” akasema. Nami nikapewa nijaribu. Langu lilikatika vilevile, maana ni mchanga uleule. Vitabu vinataja asilimia 4 hadi 6 za maji. Ngumi ya mzee yule inasoma asilimia hizo bila mizani, na sidhani kama kipo chombo ambacho angekiamini zaidi.

Ndipo kazi ya puli ikaanza, na hapa nitakwenda polepole.

Mzee alikiunganisha kwanza kipande kilichomegeka na puli yake, akakibana kwa waya na kuziba ufa kwa nta. Puli ile iliyokufa ndiyo ingekuwa kielelezo cha kuchapia kalibu. Lakini alumini ikipoa husinyaa, milimita 13 hivi kwa kila mita. Puli ya mama ilikuwa na kipenyo cha sentimita 30, kwa hiyo ukiichapa kama ilivyo utapata mpya iliyopungua milimita 4. Kijana mmoja alikuwa na magazeti na bakuli la gundi ya unga. Akaizungushia puli tabaka juu ya tabaka za karatasi, akiibana kila moja kwa kidole gumba, hadi ukingo ukanenepa. Mzee alipima kwa kipimo cha fundi seremala, akamwambia aongeze. Alitaka nyama ya kusinyaa, na juu yake nyama nyingine ya kukerezwa.

Jambo la pili ni mfereji wa mkanda, ule mfuo unaozunguka ukingo wa puli. Ukikizika kielelezo chenye mfuo ndani ya mchanga, hutaweza kukitoa: mchanga ulioingia kwenye mfuo utang'ang'ania na kalibu itabomoka. Kwa hiyo mfuo wote ulijazwa udongo na kulainishwa, puli ikawa sahani nene isiyo na mfereji. Mfereji utakatwa baadaye kwenye mashine ya kukereza.

La tatu lilinifurahisha kuliko yote. Mzee aliichunguza ile sehemu ufa ulikoanzia, akaipitisha kucha. “Waliifanya nyembamba,” akasema. Akachukua nta, akainenepesha ile shingo ya katikati inayozunguka mhimili, na pale ilipokutana na mikono ya puli, ambapo palikuwa na kona kali, akapafanya mviringo kwa kidole. Puli aliyoletewa haikuwa puli aliyokusudia kuirudisha. Dukani unanunua kosa la kiwanda kwa bei ileile. Hapa kosa lilirekebishwa kwa donge la nta kabla ya moto kuwashwa.

Kalibu inatengenezwa ndani ya fremu mbili za mbao zinazokaa moja juu ya nyingine, na vigingi vya kuhakikisha zinarudi mahali pake. Fremu ya chini iliwekwa juu ya ubao, puli ikalazwa katikati, unga wa makaa ukapigwa juu yake kutoka kwenye soksi kuukuu ili mchanga usinate. Mchanga wa kwanza ulichekechwa juu ya puli, laini kabisa, ukakandamizwa kwa vidole. Uliofuata ulimwagwa kwa koleo na kushindiliwa kwa mti. Mshindo wake una kiasi: ukishindilia kidogo, kalibu itavimba kwa uzito wa metali, ukishindilia kupita kiasi, hewa haitapenya. Kijana aliyeshindilia alikuwa akisikiliza sauti ya mti wake, na ilipobadilika aliacha. Fremu ikapinduliwa, ya pili ikawekwa juu, unga wa makaa tena, mchanga tena. Katikati walisimamisha mabomba mawili, moja la kumwagia na jingine la kupumulia, kisha wakachoma mchanga kwa waya wa spoku ya baiskeli mahali pengi, ili gesi zipate vijia.

Fremu zilipotenganishwa, mzee aliigongagonga puli kwa upole pande zote, akaiinua wima kwa mikono miwili. Haikugusa popote. Chini yake ilibaki puli nyingine, ya hewa tupu, na kwenye mchanga mweusi niliona hata mshono wa karatasi ya gazeti. Kwa ajili ya tundu la mhimili walisimamisha katikati kiini, nguzo ndogo ya mchanga uliokandwa kwa uji wa muhogo na kuokwa hadi ukawa mgumu. Uji ule unaungua metali ikiingia, na kiini kinavunjika chenyewe wakati wa kukitoa.

Kisha, na hili sikulitarajia, puli ya zamani ikavuliwa karatasi, udongo na nta, ikapigwa nyundo vipande vipande na kupangwa kwenye ukingo wa tanuri ipate joto. Ilikuwa ya alumini, na ndiyo ingekuwa sehemu ya puli mpya. Hairuhusiwi kutumbukiza kipande cha baridi kwenye chungu, kwa sababu unyevu wa hewa tu uliokigusa unatosha kurusha matone. Kwa vile sehemu ya metali hupotea kama taka na nyingine hujaa kwenye mabomba, waliongeza pistoni kuukuu za magari. Si alumini yoyote inayofaa kazi hii. Pistoni zina silikoni nyingi, mara nyingi karibu asilimia 12, nayo huifanya metali itiririke vizuri na kuingia kwenye kila pembe. Fremu za madirisha na waya za umeme hutiririka kivivu. Mzee alikuwa na marundo mawili ya mitraye, kama wanavyoviita vyuma chakavu: la vipande vya injini kwa ajili ya piese, na la waya na masufuria yaliyokufa kwa ajili ya masufuria mapya.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, ndiyo maana makaa ya mti na feni vinatosha. Chuma cha kusubu kinataka zaidi ya 1,150, na hapo unahitaji tanuri jingine na fueli nyingine. Chungu kilipokuwa tayari, kijana alikwangua povu la taka juu yake, na chini pakatokea uso mweupe unaong'aa. Walimwaga kwa mfululizo bila kukatiza, hadi metali ikachungulia kwenye bomba la kupumulia. Ilichukua muda mfupi kuliko kuusimulia.

Puli ile ya kwanza ilikataliwa. Ilipofukuliwa na kupozwa, mama aliigonga kwa jiwe kila upande akisikiliza, akaja kwenye shingo, akagonga tena. Mzee akalikata bomba la kumwagia kwa msumeno, na ndani ya shingo tukaona shimo lenye kuta za kung'aa, dogo lakini la kutosha kuanzisha ufa mwingine. Hakuna aliyelaumiwa. Mzee alinieleza kwa kuchora chini kwa kijiti: sehemu nyembamba hupoa kwanza, na zikisinyaa zinavuta metali kutoka sehemu nene, ambayo ingali majimaji. Shingo, iliyonenepeshwa ili isivunjike, ndiyo ilipoa mwisho na haikuwa na pa kuvuta. Dawa yake ni kuiwekea hifadhi: bomba la kupumulia, lililokuwa jembamba, lilisogezwa juu ya shingo na kupanuliwa hadi likawa na unene wa kikombe, ili libaki na metali ya moto ya kuinywesha. Puli iliyokataliwa ikavunjwa, ikarudi chunguni. Kielelezo cha zamani hakikuwapo tena, lakini puli iliyokataliwa kwanza ilitumika kuchapia kalibu mpya, ikiongezwa karatasi, kabla ya nyundo kuishukia. Ya pili ilitoa sauti moja kila ilipogongwa. Mama alitikisa kichwa kukubali, akatoa pesa kwenye kanga. “Aksanti, Papa,” alisema, na mzee naye akashukuru kwa Kinande, “Wasingya.”

Kazi ya kukereza ilifanyika karakana ya jirani, kwenye mashine iliyozeeka lakini iliyopangwa barabara. Mfereji wa mkanda ulikatwa, tundu likapanuliwa hadi mhimili ukaingia kwa kusukumwa kwa kiganja, na mfuo wa kabari ukachongwa kwa tupa, kwa mkono. Mabaki ya alumini yalifagiliwa na mtoto wa fundi, yakarudi kwa mzee kwenye debe.

Nitasema na jambo lililonisumbua, kwa sababu nimewapenda mafundi wale na sitaki kuwapamba. Vijana wa tanuri walimwaga metali wakiwa na malapa miguuni. Moshi wa taka walikuwa wakiuvuta bila kitambaa. Na masufuria, yanayosubiwa kwa mchanga uleule na kuuzwa sokoni hadi Beni na zaidi, yana swali lake zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na zaidi ya theluthi moja, katika jaribio lililoiga upishi, vilitoa madini ya risasi kwa kiwango cha kuhofiwa. Risasi haionekani wala haina ladha, na humdhuru mtoto ubongo. Inaingia kupitia vyuma chakavu: vibano vya betri, radieta zenye lehemu, rangi za zamani. Nilimwuliza mzee. Alinionyesha rundo lake la masufuria, akasema haweki kitu cha betri humo, na nikaona kweli hakipo. Ila alisema pia kwamba mitraye humfikia ikiwa imeshavunjwavunjwa, na jicho halisomi kilichochanganyika. Alikuwa na hamu ya kujua. Ni sisi wengine tusiomfikishia kipimo.

Kipimo hicho hakihitaji kiwanda. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, na Kongo ina INPP, taasisi ya taifa ya kufundisha kazi za mikono. Mwanafunzi wa kemia akipewa kipande cha sufuria kutoka kila karakana ataleta jibu ambalo litalinda watoto wengi. Tanzania nako, SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wasingoje kukaribishwa: tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mafundi hawa ni wenzetu wa jumuiya moja, na wana cha kutufundisha kuhusu mchanga kama sisi tulivyo na cha kuwapelekea kuhusu buti, miwani na vipimo. Ningeanza na buti.

Tulirudi Beni na puli kwenye gunia. Mrekebishaji wa mashine alivuta uzi kutoka puli ya injini hadi puli mpya, akasogeza injini kwa nyundo ya mbao hadi uzi ukagusa kingo zote nne, akagonga kabari mahali pake, akafunga mkanda. Injini iliwashwa bila mzigo kwanza. Puli ilizunguka bila kuyumba, mama akainama kuitazama shingo, ile nene, kwa muda mrefu. Muhogo wa kwanza ulimiminwa saa tisa alasiri, na foleni ya beseni ilikuwa tayari imefika barabarani. Alumini italika upesi kuliko chuma cha kusubu, mzee alikuwa ameshamwambia hivyo, na mama alikubali akijua kwamba itakapolika atairudisha na kumiminiwa nyingine.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine, huko Beni, Bunia, Kasese au Bukoba: puli yako ikipasuka, usiiuze kwa kilo na usikitupe hata kipande kidogo. Vifunge vyote kwenye gunia moja, uandike unene wa mhimili na upana wa mkanda, upande navyo Butembo. Fundi atavitaka kwanza viwe kielelezo, kisha viwe metali. Na ukifika, mwambie palipoanzia ufa.